Nilisikia "Yanaua", Mwalimu Alisema "Yanazuia"

Siku ile naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, na ghala langu la Chuno zima linanukia mchaichai kama birika la chai ya arusi. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia mlangoni, nimevaa kanzu mpya, kofia nimeilaza upande, nasubiri alasiri ifike niende Likombe kwenye shughuli ya mpwa wangu. Kila aliyepita nje alisimama akavuta pumzi.

"Chilumba, siku hizi unauza mahindi au unauza marashi?"

"Nauza vyote!" nikawajibu. "Ingia, kunusa ni bure."

Kabla sijaendelea nikwambie mimi ni nani, maana mtu akikushauri ni vizuri umjue. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nimezaliwa kule Ruvuma inakoingia baharini, mahali ambapo ukiamka asubuhi unaona moshi wa majiko ya Msumbiji ng'ambo ya maji. Mjini Mtwara nilikuja na gunia moja la makopa kichwani, na gunia lenyewe lilikuwa limetoboka. Leo nina maghala mawili, nina lori linalokwenda Nanyamba na kurudi, nina nyumba ya bati la rangi, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunipandisha. Ukifika Chuno ukauliza kwa Chilumba, hata mbuzi atakuonyesha njia. Sisemi haya kwa kujisifu tu, ingawa na kujisifu kumo. Nasema ili ujue kwamba aliyekosea siku ile hakuwa mvivu wala mjinga wa kazi. Alikuwa hodari. Na hodari akishika kosa, mwanangu, analifanya kwa nguvu zake zote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Masika yalikuja na upepo, bati mbili za nyuma ya ghala zikafunguka misumari, na mimi nilikuwa Nanyamba nanunua mzigo. Niliporudi nikakuta mstari mzima wa nyuma umelowa. Nikaziba bati, nikageuza magunia, nikasema yatakauka yenyewe. Hayakukauka. Baada ya wiki mbili ukifungua mlango unapokewa na ule uvundo unaoujua, ule wa nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Nikachomeka mkono ndani ya gunia, nikatoa punje zimefungamana, zina unga wa kijani.

Sasa hapa nikuambie jambo moja la kwetu. Mimi nimekulia makopa. Muhogo unamenywa, unakatwa, unaanikwa juu ya paa, na mvua ikiunyeshea unaota ukungu, mweusi au wa kijani. Mama yangu alikuwa anachukua kisu, anakwangua, anatwanga, tunakula, tunakwenda kucheza. Sikumbuki hata siku moja mtu kutupa makopa kwa sababu ya ukungu. Ungeonekana una wazimu, au una chakula kingi. Kwa hiyo kichwani mwangu ukungu ulikuwa kama tope mguuni: unaufuta, mguu ni uleule. Sikujiuliza punje ya mahindi utaikwangua kwa kisu gani.

Nyuma ya ghala langu alikuwa amepanga mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, Mkristo mpole, amehamishiwa huku na mkewe. Alikuwa akifundisha mambo ya kilimo, na jioni alipenda kuja kukaa barazani kwangu tuzungumze. Siku moja, kabla ya mvua zile, alinieleza kwamba mimea yenye harufu kali, mchaichai, kivumbasha, karafuu, ukiitoa mafuta yake, mafuta hayo yana nguvu juu ya ukungu wa nafaka. Akasema watu wanayatumia badala ya madawa ya dukani.

"Mafuta yanazuia ukungu, bwana Chilumba," akasema. "Ila nafaka yenyewe ni lazima iwe..."

"Nimekuelewa, Mwalimu," nikamkatiza.

"Hapana, subiri nimalizie. Ni lazima kwanza..."

"Mwalimu, mimi nimeanza kuuza nafaka wewe unanyonya. Nimekuelewa!"

Akacheka, akaiacha hapo. Adabu yake ndiyo iliyoniponza. Laiti angekuwa mtu wa kwetu angenitukana kidogo, nikasikiliza.

Basi uvundo ulipoanza nikakumbuka maneno yale, lakini nilichokumbuka hakikuwa alichosema. Yeye alisema "yanazuia". Mimi kichwani nilikuwa nimeweka "yanaua". Yatamke mwenyewe haraka haraka uone: yanazuia, yanaua. Mtu mwenye haraka anasikia mkia tu wa neno.

Na mtambo wa kutolea mafuta nilikuwa nao! Marehemu baba yangu, Mungu amsamehe, alikuwa akipika nipa ya mabibo, ile pombe kali ya matunda ya mkorosho ambayo serikali haiipendi na wapwa wa mzee wanaipenda. Aliniachia pipa lake, mrija wake wa shaba, na hori la kupoozea. Nikalisugua pipa kwa mchanga na majivu mpaka likasahau pombe. Nikanunua mchaichai wa bustani tatu nzima, nikausokomeza ndani, nikatia maji chini, nikakandika mfuniko kwa udongo, nikawasha moto. Mvuke ukapita kwenye mrija, ukapoa ndani ya hori, ukaanza kudondoka kwenye chupa, tone, tone. Juu ya maji yakaelea mafuta ya manjano, membamba kama jicho la mchuzi. Nikayachota kwa kijiko. Majirani wakachungulia ukutani.

"Mtoto wa mzee kairudia kazi ya baba!"

"Leo nipa ya majani! Tuletee bilauri!"

Waliponusa wakaacha mzaha. Nakuambia, mwanangu, nilijiona bingwa wa dunia. Mtu wa darasa la nne anatengeneza dawa kwa pipa la pombe!

Nikayamwaga mahindi yale juani kwenye turubai siku mbili. Unga wa kijani ukapeperuka na upepo. Nikayasugua kwa magunia makavu, nikayanyunyizia mafuta yangu, nikayageuza kwa koleo, nikayarudisha kwenye magunia, nikashona. Kesho yake nikafungua moja. Uvundo hakuna. Kunanukia bustani. Nikapiga kofi gunia kama unavyompiga rafiki begani. Nikasema, nimeua.

Sasa shughuli yenyewe. Dada yangu Zainabu, anayenifuata, alikuwa na binti anaitwa Sharifa, na mwaka ule Sharifa alikuwa anachezwa unyago pamoja na wasichana wenzake kumi na moja wa mtaa wao kule Likombe. Sisi upande wetu mjomba ndiye mtu. Baba wa mtoto yupo, tunamheshimu, lakini siku mwali anapotoka, watu wanauliza mjomba kaleta nini. Na mjomba mwenyewe ni mimi, Chilumba mwenye ghala. Nikawaambia mahindi yote ya siku ya kutoka ni juu yangu, ya ugali na ya togwa. Togwa kwao ni lazima: wali, yaani hao wanaochezwa, wanakunywa ndani, mmoja mmoja, kwa mkono wa kungwi, ndipo wanatolewa nje watu wawaone. Nikapeleka magunia mawili siku ya Alhamisi. Na nikachagua yapi? Nikachagua ya mstari wa nyuma. Si kwa ubahili, nakuapia. Niliyachagua kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yananukia vizuri.

Basi narudi kwenye Jumamosi yangu. Nimekaa na kanzu yangu, nacheka na watu. Akaja Bi Ajaba.

Bi Ajaba alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akipepeta ghalani kwangu. Wazee wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, wakabaki huku. Kwa ungo hakuwa na mwenziwe Mtwara nzima. Pumba na punje zilizovunjika nilikuwa namwachia, analishia mabata yake. Siku ile alikuja na kapu limefunikwa kanga. Nikamsalimu, akaitikia bila kunitazama. Akaliweka kapu miguuni pangu, karibu juu ya kanzu, akavuta kanga.

Vifaranga vya bata. Tisa. Shingo zimepinda, macho yamefumba.

"Poleni, mama," nikasema. "Kideri hicho. Kimeingia mtaani."

"Kideri kinaua kuku," akasema Bi Ajaba. "Kuku wangu wazima, wako uani wanapekua. Hawa nimewatenga kwenye tenga, wakala chakula kimoja siku kumi. Walianza kuchechemea, wakaacha kula, leo asubuhi wamemalizika."

"Chakula gani?"

Akanitazama. "Unaniuliza mimi?"

Nikacheka, mwanangu. Cheko kavu, lakini nilicheka. Nikamwambia mahindi yangu nimeyatibu, ukungu nimeuua kwa mafuta, kama haamini anuse. Bi Ajaba akachota kiganja cha mahindi kwenye gunia la nyuma. Hakuyanusa. Akayabana moja moja kwa kucha, akapasua punje kwa meno, akaitema, akanionyesha. Ndani, pale penye kijicho cha punje, palikuwa peusi.

"We Chilumba, hukuua ukungu. Umeua harufu. Hiyo harufu ndiyo iliyokuwa inatuambia tusile, nawe umeinyamazisha. Mimi mwenyewe miaka yote hii napepeta kwa pua. Safari hii pua ikaniambia yako salama, nikawapa watoto wa bata."

Kiburi hakikutoka mara moja. Nikashika simu nikampigia Mwalimu.

"Mwalimu, yale mafuta si ulisema yanaua ukungu?"

"Yanazuia," akasema. "Nilisema yanazuia. Unayatia kwenye nafaka kavu na safi, kabla ukungu haujaota. Kwani umeyatia wapi?"

Nikageuka nikautazama mstari wa nyuma.

"Bwana Chilumba? Ukungu ukishaota unaacha sumu ndani ya punje. Sumukuvu. Haitoki kwa jua, haitoki kwa kupika, haitoki kwa harufu. Inakwenda kwenye ini. Umeyatia wapi?"

"Mstari wa nyuma."

"Kuna mtu kala?"

Nikakata simu. Nilitazama jua. Ilikuwa inakaribia saa tano, na Zainabu alikuwa ameniambia wali watanyweshwa togwa kabla ya adhuhuri, ili alasiri wawe nje wamepambwa. Nikampigia Zainabu. Inaita. Inaita. Nikapiga tena. Nani atasikia simu kwenye ngoma?

"Twende," akasema Bi Ajaba. Alikuwa ameshafunika kapu.

"Uende nalo hilo kapu?"

"Wewe watakuamini kwa lipi?"

Tukasimamisha bodaboda, tukapanda mshikaki, dereva, mimi, na Bi Ajaba nyuma na kapu lake la maiti mapajani. Nilimwambia kijana atukimbize. Kanzu yangu mpya ilinasa kwenye mnyororo ikachanika mpaka gotini, na hata sikugeuka. Nilikuwa namwona Sharifa. Mtoto yule alipokuwa mdogo alikuwa akilala juu ya magunia yangu, anaamka ana alama za katani shavuni. Nilikuwa nasema moyoni, wasianze, wasianze, kungwi achelewe, maji yakatike, kitokee chochote.

Ngoma tuliisikia kabla ya kufika. Ua la makuti lilikuwa limezungushiwa nyumba ya Zainabu, jipya, refu kuliko mtu. Nje wanaume wamekaa kwenye viti, wanacheza bao, wananiona wananyanyuka kunishangilia. "Mjomba huyoo! Mjomba mwenyewe!" Nikawapita. Mlangoni mwa ua walisimama wanawake wawili wamefunga kanga kifuani, mikono kiunoni.

"Mwanamume haingii."

"Nina neno na dada yangu."

"Neno litamngoja. Wali wako ndani. Kaka mtu mzima hivi hujui?"

Najua. Nani asiyejua? Mwanamume akiingia mle amewavunjia wali shughuli yao yote, na wazazi wa wale kumi na mmoja wengine wasingenisamehe mpaka kufa. Nikasimama mbele ya makuti, nikapaza sauti.

"Zainabu! Ee Zainabu! Togwa imechacha, msinywe!"

Ndiyo, mwanangu. Nilidanganya. Hata pale, na vifaranga tisa ndani ya kapu, nilitafuta njia ya kuwaokoa bila mimi kuaibika. Ngoma ikapungua kidogo. Nikasikia sauti ya kungwi, bibi mmoja mwenye sauti nene, anacheka.

"Imechacha? Nani kasema? Hebu nionje." Akaonja. Kisha kicheko cha wanawake wote. "Mjomba, togwa tamu! Inanukia mpaka kooni! Umetia nini humu, utupe na sisi siri?"

"Katutilia chai ya wazungu!" mwingine akadakia, na vigelegele vikapanda, na ngoma ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Nikasikia kungwi anaita jina la mwali wa kwanza. Kwa kuwa mahindi yalikuwa ya mjomba wake, wa kwanza alikuwa Sharifa.

Nikamgeukia Bi Ajaba. "Mama, wewe mwanamke, ingia. Ingia uwaambie, nakuomba."

Bi Ajaba akalikumbatia kapu, hakusogea.

"Nikaseme nini? Nikaseme nimeota? Mimi mpepetaji nikasimame mbele ya watu niseme mahindi ya Chilumba ni sumu, na Chilumba yuko nje anasema yamechacha? Sema wewe kwanza. Ukishasema, naingia."

Nyuma yangu wanaume wote wameacha bao, wananitazama. Wateja wangu, washindani wangu, shemeji yangu, imamu wetu. Nikashika makuti kwa mikono miwili, nikaweka mdomo kwenye upenyo, nikapiga kelele ambayo koo langu halijawahi kutoa, kabla wala baada.

"Mahindi yalioza! Mimi Chilumba nasema, mahindi niliyowaletea yalioza! Yaliota ukungu ghalani kwangu, nikayapaka mafuta ya mchaichai yasinuke! Yameua mabata wa Bi Ajaba! Zainabu, mpokonye mtoto! Mpokonye!"

Ngoma ilikatika kama kamba. Nikasikia kitu kimeanguka, kata ya kifuu kwenye sakafu. Bi Ajaba akapita katikati ya wale wanawake wawili na kapu lake, hakuna aliyemzuia. Sikuona yaliyokuwa ndani, nasikia tu: mtu mmoja akasema "Yarabi", mwingine akaanza kulia, halafu ikaja sauti ya togwa inamwagwa mchangani, ndoo baada ya ndoo. Togwa nzito, haimwagiki kama maji. Inaanguka kwa mabonge. Mpaka leo sauti ile naisikia.

Zainabu akatoka. Mikono yake imejaa unga. Alisimama mbele yangu akaniangalia kanzu iliyochanika, akaniangalia uso.

"Kanywa?" nikamuuliza. "Sharifa kanywa?"

"Ilikuwa mdomoni, ndiyo kwanza ainamishe kata," akasema. "Hakumeza. Mimi ndiye niliyeonja, kaka. Tangu jana jioni naonja. Kila nikikoroga naonja, namwambia kila mtu, huyu ndiye kaka yangu, tazameni alivyotuletea."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Tukampeleka hospitali yeye na kungwi. Wakapimwa, wakaambiwa walichokunywa ni kidogo, lakini waangalie macho yakianza kuwa ya manjano, na tumbo upande wa ini. Basi. Hakuna sindano ya kuitoa, na dawa ya kutapisha haisaidii siku nzima ikishapita. Ni kungoja. Nilikwenda Likombe kila asubuhi kwa mwezi mzima. Zainabu alikuwa anafungua mlango, ananitolea macho yake, haongei, mimi natazama weupe wa macho yake chini ya mwanga wa jua, narudi Chuno. Kila siku hivyo. Mtu anayejua kuhesabu magunia mia kwa kutupia jicho, alikuwa anakagua macho mawili. Mungu alirehemu. Macho yalibaki meupe. Siku ya thelathini na kitu alinifungulia mlango akasema, "Ingia unywe chai, kaka. Haina mchaichai." Nikalia mlangoni pale kama mtoto.

Wali walitoka siku ile ile alasiri, wakiwa wamekunywa madafu, na unga wa ugali umetupwa kabla haujapikwa. Watu wakawatunza, ngoma ikarudi, lakini mimi nilikuwa ghalani natoa mstari wa nyuma wote. Majirani wakaja na ndoo, tupe sisi tuwape kuku, tupe tupikie pombe. Nikakataa. Nikachimba shimo nyuma ya ghala la Chuno, nikafukia kila punje, nikamwaga majivu na chokaa juu. Kisha nikaenda kwa Mwalimu, nikavua kofia, nikamwambia, "Ile siku ulisema nafaka ni lazima kwanza iwe nini? Malizia."

Akamalizia. Ilimchukua dakika chache tu.

Mafuta sikuyaacha, usinielewe vibaya. Mtambo wa baba yangu bado unafanya kazi, na mahindi yangu yanasifiwa Mtwara nzima, na anayebisha aje. Lakini sasa ninafanya hivi. Mahindi yakifika nachukua chupa kavu, natia punje na chumvi kavu, natikisa, naiacha ikae. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi ni mabichi, yanarudi juani, sitaki kusikia habari nyingine. Yakikauka yanapepetwa na kuchambuliwa, punje yenye doa inafukiwa, haiendi kwa mtu wala kwa bata. Hapo ndipo yanaingia kwenye mapipa yenye mfuniko unaobana, juu ya mbao, mbali na ukuta, na ndani naning'iniza kitambaa chenye matone machache ya mafuta. Harufu inajaa pipa, ukungu unakosa pa kuanzia. Na mafuta yanaruka, hayakai milele, kwa hiyo naongeza kila baada ya muda, nafungua nachungulia. Pipa lililoota ukungu siliwekei mafuta. Silisamehe. Makopa vilevile: kisu cha mama yangu nimekitunza kwa kumbukumbu, lakini hakikwangui tena ukungu nyumbani kwangu.

Na kuna sheria moja ya ghalani ambayo sikuitunga mimi. Bi Ajaba ameshazeeka, anakaa kwangu tu, ninamlisha. Kazi yake ya kunusa ameirithi Sharifa, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na ndiye msimamizi wa maghala yangu yote. Mzigo ukishuka na mimi nikijisahau nikaanza kunyanyua chupa yangu ya mafuta mapema, maana bado nina haraka zangu, ananishika mkono mbele ya wapagazi wote.

"Mjomba. Pua kwanza."

Nami naishusha chupa, mtu mzima na mvi zangu.

Basi mwanangu, ninalotaka ulibebe ni hili. Anayekufundisha, hata awe mdogo kwako, hata awe mgeni, mwache afike mwisho wa sentensi. Mimi nilikatiza maneno sita tu, na maneno sita yale yangeniulia watoto kumi na wawili. Kitu kikioza mkononi mwako usikipambe. Kiite kilichooza, kifukie, uanze upya. Utapata hasara, lakini utalala. Dawa ya kuzuia itie mapema, wakati kila kitu bado ni kizima na watu wanakucheka kwamba unajisumbua bure. Na siku ukikosea kiasi cha kuweza kumdhuru mtu, usitafute uongo mdogo wa kujisitiri. Paza sauti ukweli wote mara moja, hata kama mtaa mzima unasikiliza. Ile dakika niliyoipoteza kusema "imechacha", kata ilikuwa inasogea kwenye mdomo wa Sharifa.

Mungu akupe pua inayoonya na masikio yanayosubiri. Ghala lako likauke, bati lako lisivuje, na kila atakayekula kutoka mkononi mwako aamke kesho yake mzima, akuombee dua bila wewe kujua. Nami nikiwa hai, ukipita Chuno, ingia unuse. Kunusa bado ni bure.